Miaka miwili na mashine ya CPAP ya mapovu: tathmini ya muuguzi wa watoto wachanga mahututi

Tathmini hii inahusu mashine ya CPAP ya mapovu, inayomsaidia mtoto mchanga kupumua kwa shinikizo dogo la hewa, ile ya kusimama sakafuni yenye kompresa ya hewa na konsentreta ya oksijeni ndani ya kasha moja, ambayo tumeitumia kwa miaka miwili sasa katika wodi ya watoto wachanga mahututi ninakofanya kazi nikiwa muuguzi msimamizi wa zamu. Tunazo tatu, zote za toleo moja, na siku nyingi hakuna hata moja inayopumzika. Jina la kampuni nimeliacha makusudi, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza nimezikuta pia kwenye mashine za namna hii zilizotengenezwa na wengine, na mnunuzi atakayekwepa jina bila kujua cha kukagua anaweza kuikuta kasoro ileile ndani ya kasha la rangi nyingine.

Maelezo ya mauzo ya mashine hizi husifu zaidi kiwango cha oksijeni zinachotoa na idadi ya watoto zinazoweza kuwahudumia kwa wakati mmoja. Anayekaa nayo usiku kucha ana swali jingine: siku itakapoharibika, nitajuaje, na nitakuwa na dakika ngapi? Hakuna mashine isiyoharibika. Kwa mtoto wa gramu 1,150 ambaye akiba yake yote ya nguvu ni ya dakika chache, hitilafu inayopiga kelele mara nne kwa mwaka ina nafuu kuliko hitilafu moja inayokaa kimya kwa wiki tatu. Hicho ndicho kipimo nilichotumia, na kwa kipimo hicho mashine hii imefaulu vizuri sana upande mmoja na kushindwa vibaya upande mwingine.

Kwa asiyeifahamu, naomba nieleze kwa ufupi inavyofanya kazi. Mtoto anayezaliwa kabla ya wakati huwa na upungufu wa safaktanti, ute unaozuia vifuko vidogo vya hewa kwenye mapafu visinywee kila anapotoa pumzi. Ute huo ukikosekana, kuta za vifuko hushikamana kama mfuko wa plastiki uliolowa ndani, na mtoto analazimika kuzibandua upya kwa kila pumzi, mara 60 au 80 kwa dakika, mpaka anachoka. CPAP humsaidia kwa kuweka shinikizo dogo lisilokatika ndani ya njia ya hewa ili vifuko vibaki wazi. Mwaka 1971 daktari George Gregory na wenzake wa San Francisco walichapisha matokeo ya watoto 20 waliotibiwa kwa shinikizo la namna hiyo, na 16 kati yao waliokoka, katika zama ambazo ugonjwa huo uliondoka na wengi mno. Katika aina ya mapovu, hewa iliyochanganywa na oksijeni, ikapashwa joto na kutiwa unyevu, humfikia mtoto puani kwa vijibomba vifupi, kisha hutoka kwa mrija wa pili ambao ncha yake imezamishwa kwenye chupa ya maji. Ukiuzamisha sentimita 6, shinikizo linakuwa sentimita 6 za maji. Hakuna kompyuta inayokokotoa shinikizo hilo, rula inatosha.

Hapo ndipo penye uzuri wa kifaa hiki, kwa sababu mapovu yanaonekana na yanasikika. Usiku mmoja nilikuwa upande wa pili wa chumba nikimsaidia mwenzangu kuweka kanula kwa mtoto mwingine, nikamsikia mama aliyekuwa ameketi kando ya kitanda cha mwanawe akiniita kwa sauti ya chini: "Sista, maji ya mtoto wangu yamenyamaza." Hakuna aliyekuwa amemfundisha. Siku tano za kukaa pale zilimtosha kujua kwamba sauti ile ilikwenda pamoja na kupumua kwa mwanawe. Nilipofika, kengele ya mashine ilikuwa bado haijalia, kwa kuwa imepangwa kusubiri kidogo ili isipige kelele kila mtoto anapogeuza kichwa, na oksimita, kile kipimo cha asilimia ya oksijeni kwenye damu, mguuni mwake ilikuwa bado inasoma 93. Nilifuata mrija kwa vidole kuanzia puani kurudi nyuma, kama tunavyowafundisha wauguzi wapya, mpaka kwenye chombo cha unyevu, na hapo nikahisi upepo mwembamba ukinipiga kidoleni. Kiungio kilikuwa kimepata ufa usioonekana bila kukiinua kwenye mwanga. Tulikibadilisha kwa muda usiozidi dakika mbili, maji yakaanza tena kutokota, na mtoto hakubadilika hata rangi.

Nimetumia pia mashine kubwa za kupumulia zenye skrini na michoro, na ninazithamini kwa watoto wanaozihitaji. Lakini kwenye skrini hizo uvujaji kama ule huanza kama namba moja inayobadilika kati ya namba ishirini, na anayeweza kuisoma ni mtu mmoja au wawili katika zamu nzima. Mashine ya mapovu humpa kila aliye chumbani, akiwemo mama na mfanya usafi, uwezo wa kugundua kwamba jambo limeharibika. Sijaona kihisi cha kielektroniki kinachofanya kazi hiyo vizuri kuliko maji.

Ni lazima niseme pia mapovu yasiyoweza kuyasema, maana nimeona wenzetu wakiyaamini kupita kiasi. Vijibomba vya puani vikizibwa na makamasi, hewa hupita moja kwa moja kutoka mrija wa kuingilia hadi wa kutokea na maji yanaendelea kutokota kwa furaha huku mtoto hapati kitu. Vivyo hivyo, ukiongeza mkondo wa hewa kupita kiasi unaweza kuuficha uvujaji: maji yanacheza, lakini shinikizo linalofika puani ni pungufu. Kwa hiyo kimya cha maji ni ushahidi tosha wa hitilafu, ila sauti ya maji si ushahidi wa usalama. Bado kifua cha mtoto ndicho kinachotazamwa kwanza.

Upande wa oksijeni hali ni nyingine kabisa, na hapa ndipo lawama yangu kubwa ilipo. Konsentreta huvuta hewa ya chumbani, huibana kwa kompresa na kuipitisha kwenye mitungi iliyojazwa punje za zeolaiti, zinazokamata naitrojeni na kuiacha oksijeni ipite. Ikiwa nzima, hutoa oksijeni ya asilimia 93 hivi. Punje hizo huharibiwa na unyevu, kompresa huchoshwa na joto na vumbi, na usafi wa oksijeni hushuka polepole, wiki hadi wiki, bila mlio wowote. Kwenye mashine yetu muuguzi hupanga kiwango cha oksijeni kwa kutazama vipira viwili vinavyoelea kwenye vioo vilivyosimama, kimoja cha hewa na kingine cha oksijeni, kisha kusoma jedwali lililobandikwa mbele ya kasha. Jedwali hilo limekokotolewa kwa kudhani kwamba oksijeni inayotoka ni ya asilimia 93. Kipira hupima wingi wa gesi inayopita. Ni gesi gani, hakijui.

Katika mwaka wa pili tulikuwa na mtoto aliyezaliwa kwenye wiki ya 30 ya ujauzito ambaye alianza vizuri, kisha kila zamu ikawa inampandishia oksijeni kidogo: asilimia 40, 45, 50, na asubuhi ya siku ya tatu jedwali lilisema 60, huku oksimita ikisuasua kwenye 90 na 91. Katika wodi yetu asilimia 60 ndiyo mpaka. Mtoto anayefika hapo anahesabiwa kuwa CPAP imemshinda, na mazungumzo yanayofuata ni ya kumwekea mrija kooni na kumpeleka kwenye mashine ya kupumulia, pamoja na hatari zote za hatua hiyo kwa mapafu ya umri ule. Dokta alikuwa ameshabadilisha dawa akishuku maambukizi, picha ya kifua ilikuwa imeshapigwa, na mama alikuwa ameshaelezwa. Ilitokea kwamba fundi wa vifaa tiba alikuwa amekuja kwa ajili ya inkubeta ya jirani akiwa na kipima oksijeni mkononi. Nilimwomba, kwa kutokuwa na jingine la kufanya, akiweke kwenye tundu la konsentreta. Kilisoma 74.

Fanya hesabu uone maana yake. Kwa mkondo wa lita 8 kwa dakika, jedwali linapodai asilimia 60, huwa limekadiria oksijeni ya lita 4.3 na hewa ya kawaida ya lita 3.7. Ikiwa oksijeni hiyo ni ya asilimia 74 badala ya 93, kinachofika kwa mtoto ni karibu asilimia 50. Tulimhamishia kwenye mashine nyingine iliyopimwa papo hapo, tukapanga 50 ya kweli, na oksimita ikabaki palepale ilipokuwa. Mtoto hakuwa amefika mpaka wa kuwekewa mrija. Mashine ndiyo iliyokuwa ikitudanganya kwa asilimia kumi. Siku nne baadaye alikuwa ameshuka hadi 30, na hakuwekewa mrija wowote kooni.

Chanzo kilipotafutwa, hakikuwa kigeni. Chujio la sponji la nje lilikuwa limejaa vumbi upande unaotazama ukuta, na mashine yenyewe ilikuwa imesukumwa nyuma ili kupisha inkubeta, kiasi kwamba kati ya tundu la kuvutia hewa na ukuta palikuwa na nafasi ya kupitisha kiganja tu. Kabla ya hapo, mashine hiyohiyo ilikuwa imekaa stoo kwa wiki kadhaa, katika chumba chenye unyevu, bila kuwashwa. Nakiri kwamba sehemu hiyo ya kosa ni yetu. Tulikuwa na maelekezo ya kuacha sentimita 30, na hatukuziacha.

Lakini mtengenezaji naye ana lake. Toleo letu linapiga kengele umeme ukikatika na shinikizo likishuka, ila halina kihisi cha usafi wa oksijeni. Kwenye orodha ya bidhaa zake, kihisi hicho kimewekwa miongoni mwa nyongeza za hiari, karibu na rafu ya kuwekea vifaa na magurudumu yenye breki. Kwa mgonjwa mtu mzima anayetumia oksijeni nyumbani huenda hilo likajadiliwa. Kwa mtoto mchanga naliona kuwa ni kosa la usanifu lisilo na utetezi, kwa kuwa kwake oksijeni ni dawa yenye madhara pande zote mbili. Ikipungua, ubongo na moyo vinaumia. Ikizidi, mishipa midogo ya macho hukua vibaya, jambo ambalo udaktari ulijifunza kwa gharama kubwa katika miaka ya 1940 na 1950, pale watoto njiti wapatao 10,000 walipopofuka kabla haijafahamika kwamba oksijeni waliyopewa bila kipimo ilihusika. Ndiyo maana tunawaweka kati ya 90 na 95 kwenye oksimita na hatuwaachi wakae 99. Mashine inayotakiwa kutumika ndani ya dirisha jembamba kiasi hicho haipaswi kuuzwa bila jicho la kuona inachokitoa.

Tangu siku ile, kila Jumatatu asubuhi tunapima usafi wa oksijeni wa kila mashine na kuandika kwenye daftari linaloning'inia kwenye kasha lenyewe. Ikisoma chini ya 85, inaondolewa kwa mtoto siku hiyohiyo. Kipima oksijeni nacho kina uaminifu wake wa kuchungwa: kabla ya kukitumia tunakiangalia kwenye hewa ya kawaida, ambako lazima kisome 21, na kwenye mtungi wa oksijeni safi, ambako lazima kisome 100 au karibu sana, maana seli yake ya kemikali huchakaa yenyewe hata kikiwa kabatini. Chujio la sponji linaoshwa kwa sabuni na maji kila wiki, na tumenunua la pili kwa kila mashine, kwa sababu tuliona wazi kwamba wodi yenye chujio moja hulirudisha likiwa bado bichi, na unyevu huo ndio unaokwenda kuua zeolaiti.

Kuhusu umeme, mashine haina betri ya kuendeshea kompresa, na sidhani kama ingewezekana, kwa kuwa kompresa za namna hii zinakula umeme mwingi mno kwa betri ya ukubwa wa kawaida. Iliyopo ni betri ndogo ya kuendeshea kengele tu. Umeme ukikatika, hewa inasimama mara moja, maji yananyamaza, na kengele inalia mfululizo mpaka mtu aje. Nauona kuwa uamuzi wa busara, isipokuwa kwamba betri hiyo ndogo hufa bila kutoa taarifa. Mchana mmoja umeme ulikatika na mashine mbili zikalia. Ya tatu haikulia, na aliyetuokoa ni ukimya wa maji yake kati ya kelele za wenzake. Tulipofungua kifuniko tulikuta betri imevuja na kuweka ukungu wa kijani kwenye vishikio. Sasa kila tarehe mosi tunachomoa waya ukutani kwa kila mashine, ikiwa haina mtoto, na kusikiliza. Jaribio hilo linachukua nusu dakika, na halimo kwenye kitabu cha maelekezo.

Kitabu kina upungufu mwingine hapa. Mkondo wa hewa unaposimama, vijibomba vikiachwa puani mtoto huanza kuvuta tena pumzi aliyoitoa, kwa kuwa mirija imejaa hewa yake mwenyewe. Muuguzi anapaswa kuviondoa mara moja ikiwa mkondo haurudi, na kumsaidia kwa mfuko wa kupumulishia kwa mkono, ule tunaouita ambu, wa mililita 250, ambao hauhitaji umeme wala gesi ili kufanya kazi. Onyo hilo kwenye kitabu ni mstari mmoja katikati ya ukurasa wa usafi. Sisi tumeliandika kwa herufi kubwa na kulibandika juu ya kila kitanda, na ambu moja inaning'inia palepale, imejaribiwa kwa kubanwa kwenye kiganja mwanzoni mwa kila zamu.

Tuna pia mtungi wa oksijeni wa akiba. Mtungi wa ujazo wa lita 10 uliojazwa hadi shinikizo la ba 150 una lita 1,500 hivi za gesi, nao ukiutumia kwa lita 5 kwa dakika utakupa saa tano. Hesabu hiyo inatia moyo mpaka ukumbuke kwamba, kompresa ikiwa imezimika, hakuna hewa ya kuchanganyia, na kinachomfikia mtoto ni oksijeni ya asilimia 100. Kwa hiyo mtungi ni daraja la dakika chache kuelekea kwenye jenereta, na anayepanga kuutegemea usiku mzima kwa mtoto wa wiki 28 anapaswa kuwa na kichanganyio kinachofanya kazi bila umeme. Nimeona mashine za ECMO, zinazochukua damu ya mtoto, kuitia oksijeni nje ya mwili na kuirudisha, ambazo ni miongoni mwa vifaa tata kuliko vyote katika tiba ya mahututi. Kando ya pampu yake kuna mkono wa kuzungushia, ili umeme na betri vikishindwa binadamu asimame na kuzungusha damu kwa mkono wake. Waliousanifu ule mkono waliifikiria ile dakika mbaya kabla haijafika. Natamani waliotengeneza mashine yetu wangeifikiria hivyo pia.

Joto na unyevu nitavipitia haraka, kwa sababu vinafanya kazi ipasavyo na kero yake inajulikana. Hewa hupashwa hadi nyuzi 37, kisha hupoa ikiwa njiani, na maji hujitengeneza ndani ya mirija. Mirija yetu haina waya wa joto ndani, kwa hiyo kila saa mbili tunaimwaga. Maji yakijikusanya kwenye mrija wa kutokea, yanaongeza shinikizo bila mtu kugusa chupa. Yakijikusanya kwenye wa kuingilia, yanaweza kumtiririkia mtoto puani. Tunaweka mrija uwe chini ya usawa wa mtoto, na tatizo linadhibitika.

Kilichonishangaza ni chupa ya maji. Chupa ndiyo moyo wa mashine hii, kwa sababu kina cha mrija ndani yake ndicho shinikizo, na mistari ya sentimita iliyoko ubavuni ndiyo rula niliyoitaja. Mistari hiyo imechapwa kwa wino. Tunaifuta chupa kwa dawa ya klorini kati ya mtoto mmoja na mwingine, kama inavyotakiwa, na kufikia mwezi wa nane mstari wa 5 ulikuwa umefifia, wa 6 umekatika katikati, na wa 7 na 8 haionekani kabisa. Niliikuta chupa moja ambayo muuguzi wa usiku, kwa nia njema, alikuwa ameichora upya mistari kwa kalamu ya wino usiofutika, akifuata kumbukumbu yake. Niliweka rula. Mstari wake wa 6 ulikuwa kwenye sentimita 7 na nusu. Kwa mapafu ya mtoto yule tofauti hiyo si ndogo. Shinikizo likizidi, mapafu yanaweza kupasuka na hewa ikavujia kifuani. Sasa tumebandika kipande cha rula ya plastiki kwenye kila chupa, na kila anayepokea zamu anasoma kina kwa sauti wakati wa makabidhiano. Mtengenezaji angeimaliza shida hiyo kwa kuchonga mistari kwenye kalibu ya kufinyangia chupa, jambo ambalo lisingemwongezea kazi yoyote baada ya siku ya kwanza.

Vijibomba vya puani ni vizuri, vya silikoni laini, vya saizi tano. Vimekusudiwa kutumika kwa mtoto mmoja. Vinapochemshwa na kulowekwa tena na tena vinakuwa vigumu, na vikiwa vigumu vinavuja na kuchubua ukuta wa kati wa pua, kidonda ambacho kwa njiti hupona kwa taabu na huacha alama. Mnunuzi ahesabu vijibomba pamoja na mashine, asivihesabu baadaye.

Matengenezo yametupa picha mchanganyiko. Ubora mmoja ambao sikuutarajia ni kwamba viungio vyote ni vya vipimo vya kawaida, na sehemu za mashine moja zinaingia kwenye nyingine bila kulazimisha, jambo ambalo limetuwezesha mara mbili kuziweka mashine mbili hai kwa kuazima kutoka ya tatu. Kompresa ya mashine namba mbili ilipochoka, dalili ilikuwa mtikisiko uliosikika kwenye sakafu siku kumi kabla haijasimama, na fundi wetu aliitambua kwa kuweka mkono juu ya kasha. Kuagiza nyingine kulichukua wiki kumi na moja. Ilipofika, fundi aliweza kuifunga kwa mchana mmoja, lakini hakuweza kufuta onyo kwenye kioo, kwa sababu ukurasa wa matengenezo umefungwa kwa nywila ambayo kampuni huwapa mawakala wake peke yao. Mashine iliyokuwa imepona ilikaa siku sita zaidi pembeni ikisubiri tarakimu nne. Kwa wiki hizo zote watoto wanne kwa nyakati tofauti walitumia oksijeni ya kawaida ya puani wakati walistahili CPAP. Wote wako hai, ila mmoja alichoka na kuhitaji mashine kubwa, na siwezi kuacha kufikiri kwamba asingefika huko. Nimeiandikia kampuni kuhusu nywila. Walinijibu kwa adabu kwamba ni kwa ajili ya usalama wa mgonjwa.

Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2022 kuhusu huduma kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, limependekeza CPAP kwa njiti wenye dalili za ugonjwa huu wa kupumua, na wodi nyingi ambazo hazijawahi kuwa na mashine hizi zitakuwa nazo. Nikiulizwa kama ningeinunua tena hii yetu, ningesema ndiyo, kwa masharti. Ningedai toleo lenye kihisi cha usafi wa oksijeni na kengele yake, na kama halipo ningenunua kipima oksijeni siku hiyohiyo na kukihesabu kuwa sehemu ya mashine. Ningeagiza kompresa moja ya akiba, vijibomba vya mwaka mzima, machujio mawili kwa kila kasha na stabilaiza ya umeme, na ningeweka kwenye mkataba kwamba nywila ya matengenezo na kitabu cha ufundi vinakabidhiwa kwa fundi wa hospitali siku ya kufungua sanduku. Ningenunua moja zaidi ya idadi ya watoto ninaotarajia, kwa sababu dawa ya mashine inayotiliwa shaka saa nane za usiku ni mashine nyingine iliyo tayari.

Kwa upande wa shinikizo naipa alama tisa kwa kumi. Moja naikata kwa ajili ya wino wa chupa. Kwa upande wa oksijeni, katika toleo tulilonalo, naipa nne. Jumatatu iliyopita namba moja ilisoma 92, namba tatu 91, na namba mbili, yenye kompresa mpya, 94. Zote tatu zina watoto usiku huu.